Je, mashamba ya Tanzania yanaweza kujaza matangi ya mafuta ya nchi nzima?

SWALI: "Tunaambiwa Tanzania ina hekta milioni 44 zinazofaa kwa kilimo na hata nusu yake hatujailima. Wakati huohuo kila mwezi meli zinashusha mafuta Dar es Salaam na Tanga, na dola zinaondoka. Kwa nini tusilime miwa, alizeti na mibono tukajitengenezea petroli na dizeli yetu wenyewe? Sisi hapa Singida tuna kikundi chenye ekari 40 na tuko tayari kuanza. Mtaalamu unasemaje?" – Msomaji, Singida

JIBU:

Ndugu msomaji, swali lako lina mambo mawili, nchi na kikundi chako, na majibu yake hayafanani. Kwa nchi nzima jibu ni hapana, ingawa kuna sehemu ndogo inayowezekana na yenye faida. Kwa ekari zenu 40 jibu linategemea mnataka kuuza mafuta hayo au kuyatumia wenyewe. Tuanze na nchi, maana hesabu yake ndiyo itakayoeleza ya kikundi.

Tuchukue tarakimu za mviringo za matumizi ya nchi ili kila mtu aweze kuzifuata kwa kalamu: petroli lita bilioni 1.5 kwa mwaka na dizeli lita bilioni 2. Ukipata takwimu za EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) za mwaka mpya ukakuta zimepanda, ongeza kwa uwiano uleule, hitimisho halitabadilika.

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kubadilisha lita kwa lita. Lita ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, ya ethanoli (pombe inayochachushwa kutoka kwenye miwa na kutumika badala ya petroli) ina 21 tu. Kwa hiyo anayetaka kuifuta petroli yote hahitaji lita bilioni 1.5 za ethanoli, anahitaji karibu bilioni 2.3. Kwa dizeli pengo ni dogo: dizeli ina megajuli 36 kwa lita, biodizeli (dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea) 33, hivyo lita bilioni 2 za dizeli zinadai lita bilioni 2.2 za biodizeli.

Sasa miwa. Tani moja ya miwa, juisi yake yote ikichachushwa bila kutoa sukari, hutoa lita 70 hadi 80 za ethanoli. Shamba linalotoa tani 70 kwa hekta litakupa lita 5,250 kwa mwaka. Gawanya bilioni 2.3 kwa hizo, unapata hekta 438,000 hivi. Wakulima wadogo walio nje ya mashamba ya kiwanda, wanaotegemea mvua, mara nyingi hawafiki tani 70. Ukiweka tani 45, hesabu inaruka hadi hekta 680,000. Kwa kulinganisha, chukua msimu ambao viwanda vyetu vimetoa sukari tani 450,000. Tani moja ya sukari hula takriban tani 10 za miwa, kwa hiyo zilisagwa tani milioni 4.5, na kwa tani 70 kwa hekta hilo ni eneo la hekta 65,000 hivi. Petroli peke yake inadai mashamba ya miwa karibu mara saba ya hayo. Na hii ni nchi ambayo mwanzoni mwa 2024, baada ya mvua za El Niño kuzuia uvunaji, sukari ilikosekana madukani.

Dizeli ndiyo inayovunja mgongo. Alizeti ya kawaida kwetu hutoa tani moja ya mbegu kwa hekta, na kinu cha kukamua hutoa lita 350 za mafuta humo. Lita bilioni 2.2 zinadai hekta milioni 6.3. Hilo ni zaidi ya eneo lote tunalopanda mahindi. Ukihamia kwenye michikichi hesabu inapungua sana: shamba lililotunzwa vizuri likitoa tani 2 za mawese kwa hekta, unahitaji kama hekta milioni moja. Lakini tazama uzito wa mafuta yenyewe. Lita bilioni 2.2 ni karibu tani milioni 1.9, kiasi cha mara tatu ya mafuta yote ya kula ambayo Watanzania wanatumia kwa mwaka. Na sehemu kubwa ya hayo ya kula bado tunayaagiza nje! Nchi ambayo haijashibisha kikaango haiwezi kushibisha lori.

Najua unachotaka kusema hapa. Hekta 438,000 na hekta milioni 6.3 jumla yake haifiki milioni 7, na sisi tuna milioni 44. Si inatosha na kubaki?

Hiyo milioni 44 ni ya kwenye makaratasi. Ndani yake kuna malisho ya wafugaji, kuna misitu ya miombo inayotoa kuni, asali na maji, kuna ardhi ya akiba ya vijiji ambayo watoto wa leo wataidai kesho, na kuna maeneo makubwa ambayo mvua yake haifiki milimita 700. Miwa inahitaji milimita 1,500 na zaidi za maji kwa msimu, ya mvua au ya mfereji. Tena haisafiri: ikishakatwa, sukari yake huanza kuharibika, na kiwanda kinataka iwe imesagwa ndani ya saa 24 hadi 36. Ukipita kilomita 40 kutoka kiwandani, nauli ya kubeba maji yaliyomo kwenye miwa inakula faida. Kwa hiyo "ardhi ya miwa" ina maana ya mabonde machache tu yenye mto: Kilombero, Wami, Rufiji, Kagera, Pangani. Mabonde hayohayo ndiyo ya mpunga, na mengine ndiyo njia za tembo.

Ongeza watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 wakiongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, kasi inayozidisha idadi mara mbili katika miaka kama 22. Ardhi haizai, na pikipiki zinaongezeka haraka kuliko watu.

Kwa nini shamba linatoa kidogo hivyo? Tatizo haliko kwa mkulima, liko kwenye jani. Sehemu nyingi za nchi yetu hupata jua la kilowati-saa 5 hivi kwa mita ya mraba kwa siku. Hekta moja kwa mwaka inapokea kilowati-saa milioni 18. Lita zile 5,250 za ethanoli, kutoka kwenye zao lililo hodari kuliko mengi duniani kwa kunasa jua, zina kilowati-saa kama 30,600, chini ya sehemu 2 kwa kila 1,000 za jua lililoanguka. Hekta hiyohiyo ukiipanga paneli za sola kwa nafasi ya kawaida, unavuna umeme wa karibu kilowati-saa milioni moja, zaidi ya mara 30. Na umeme ukiingia kwenye mota hupotea kidogo, ilhali injini ya petroli hutupa robo tatu ya nishati yake kama joto. Mtu akikuambia shamba la mafuta ni "nishati ya jua", ni kweli, ila ni jua lililochujwa kwa kitambaa kizito mno.

Sijatoa bado gharama ya nishati inayoingia. Urea inatengenezwa kwa gesi asilia, trekta linakunywa dizeli, na mtambo wa kukenekesha pombe unataka mvuke. Mchachuko wa hamira huishia kwenye pombe ya asilimia 8 hadi 10. Asilimia 90 iliyobaki ni maji ambayo lazima uyatenganishe kwa moto. Mtambo wa kawaida unaishia asilimia 95 na ushei, maana hapo pombe na maji huchemka pamoja na hazitengani tena. Ili uichanganye na petroli lazima ipitishwe kwenye vichujio vya zeolaiti (madini yanayonasa maji) ifike asilimia 99.5. Ethanoli ya miwa ya Brazili hulipa vizuri, hurudisha kama mara nane ya nishati ya visukuku (mafuta, gesi na makaa ya mawe) iliyotumika, kwa sababu mvuke wote unatokana na makapi ya miwa yenyewe. Ethanoli ya mahindi ya Marekani, kwa hesabu nyingi, ilirudisha mara moja na theluthi hivi. Ukitoa moja uliyotumia, unabaki na theluthi.

Na Marekani ndiyo mfano wa kuweka mbele ya kila anayesema "tukilima vya kutosha". Wana mahindi ya tani 11 kwa hekta, mbolea, reli, matangi, na sheria ya mwaka 2005, iliyokazwa 2007, inayolazimisha uchanganyaji. Zaidi ya theluthi moja ya mahindi yao huingia viwanda vya ethanoli (sehemu ya uzito wake hurudi kama chakula cha mifugo, tuwe wakweli). Matokeo ni lita bilioni 60 hivi kwa mwaka, ambazo ni asilimia 10 tu ya ujazo wa petroli yao, na ukihesabu kwa nishati ni karibu asilimia 7. Dizeli na mafuta ya ndege, kwa sehemu kubwa, bado hazijaguswa na mahindi hayo.

Brazili imefika mbali zaidi, na inafaa kujua kwa nini. Mpango wao ulianza 1975, una miaka 50. Nchi ni kubwa karibu mara tisa ya yetu, mvua iko, miwa imefanyiwa utafiti wa mbegu kwa vizazi, na tangu 2003 wanauza magari yanayokubali ethanoli au petroli kwa kiwango chochote, dereva anachagua kwa bei ya siku hiyo. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1980 sukari ilipopanda bei duniani, viwanda vilihamia kwenye sukari na wenye magari ya ethanoli tupu wakapanga foleni vituoni. Malori ya Brazili hadi leo yanakunywa dizeli ya mafuta ghafi. Biodizeli ya soya ni sehemu ndogo iliyochanganywa humo.

Jirani yetu Malawi anatufundisha zaidi. Tangu 1982 kiwanda cha Dwangwa kimekuwa kikigeuza molasi (uji mzito unaobaki sukari ikishatolewa) kuwa ethanoli ya kuchanganya na petroli, na kingine kikafuata kusini mwa nchi. Ni mradi uliodumu, watu wanaufahamu, mitambo inaendeshwa na Wamalawi. Lakini katika miaka hii ya 2020 fedha za kigeni zilipowaishia, foleni za petroli zilikuwa palepale, kwa sababu sehemu kubwa ya kilichomo tangini bado ilikuwa inatoka baharini. Kenya nayo ilichanganya ethanoli ya Muhoroni na petroli katika miaka ya 1980, kisha ikaacha.

Sasa mibono, maana umeitaja na wengi bado wanaiota. Katikati ya miaka ya 2000 mbono kaburi ulipigiwa debe kuwa unaota penye ukame na kutoa mafuta bila kugombana na chakula. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 wilayani Kisarawe na ikasimama mwaka 2011. Bioshape ya Uholanzi ilikwenda Kilwa, ikaishia kufilisika. Sekab ya Sweden, ambayo yake ilikuwa miwa ya Bagamoyo na Rufiji, ilijiondoa 2009. Serikali ilitoa mwongozo wa nishati mimea mwaka 2010, wakati vumbi limeshaanza kutua.

Kilichowaangusha hakikuwa siri. Mbono haufi kwa ukame, hilo ni kweli, lakini kutokufa na kuzaa ni mambo mawili. Bila maji na mbolea unasimama tu kama mlinzi wa kaburi, kazi ambayo wazee waliupa tangu zamani. Hesabu za wawekezaji ziliweka tani 5 za mbegu kwa hekta. Mashambani tani moja ilikuwa mavuno mazuri na nusu tani ilikuwa kawaida. Kwa mashine ndogo unahitaji kilo 4 hadi 5 za mbegu kupata lita moja ya mafuta. Yaani tani moja kwa hekta ni lita 250, na kwa kuifuta dizeli yetu yote ungehitaji karibu hekta milioni 9. Kwa nusu tani, karibu milioni 18. Halafu matunda hayaivi pamoja, lazima uchume kwa mkono mara nyingi. Mchumaji mwenye kasi hupata kilo 2 hivi za mbegu kwa saa ukijumlisha kubangua. Lita moja ya mafuta kwa saa mbili za kazi! Mtu huyo akilipwa ujira wa kibarua wa kawaida, mafuta yameshaipita dizeli bei kabla hujawasha kinu. Na mashudu yake ni sumu kwa mifugo, hivyo hata pale ambapo alizeti ingekuokoa, mbono unakutupa.

Kuna jambo moja ambalo husahaulika katika mijadala hii, nalo linanikera kidogo. Tunauliza kama mimea inaweza kutupa nishati ya taifa, wakati tayari inatupa zaidi ya robo tatu yake. Ni kuni na mkaa. Miombo ya Tabora, Morogoro na Pwani inachemsha ugali wa mamilioni ya watu kila jioni. Hiyo ndiyo nishati mimea yetu kubwa, inayotumika kwa ubadhirifu mkubwa, maana tanuri la udongo la mkaa hupoteza nishati nyingi ya mti kabla gunia halijashonwa. Ukifyeka miombo upande miwa ya magari, huongezi nishati mpya kwenye nchi. Unamhamisha mpika mkaa kwenda msitu mwingine, na kaboni iliyokuwa kwenye miti na udongo inaondoka leo ili irudishwe polepole kwa miongo.

Kwa hiyo sehemu inayowezekana ni ipi? Ni ile inayotokana na kitu ambacho tayari kimelimwa kwa sababu nyingine.

Molasi kwanza. Kila tani ya miwa huacha kilo 40 hivi za molasi baada ya sukari kutolewa. Msimu ule wa miwa tani milioni 4.5 unatoa molasi tani 180,000, na tani moja hutoa lita 240 hivi za ethanoli. Jumla ni lita milioni 43, karibu asilimia 3 ya ujazo wa petroli yetu. Hakuna hekta hata moja mpya iliyohitajika. Ukitaka kuchanganya asilimia 10 nchi nzima, unahitaji lita milioni 150, na pengo hilo linaweza kuzibwa kwa hekta kama 20,000 za miwa ya ziada. Hilo ni jambo la kupangwa na kutekelezwa.

Lakini lina vikwazo vyake, na kikubwa hakiko shambani. Ethanoli ya gari ni spiriti ileile ya kunywa. Watengenezaji wa pombe kali hulipa zaidi kuliko kituo cha mafuta, kwa hiyo molasi inaelekea huko: kiwanda cha spiriti kilichojengwa pembeni mwa kiwanda cha sukari Kilombero kilipangwa kwa lita milioni 12 kwa mwaka, na wateja wake ni watengenezaji wa vinywaji. Ethanoli ya mafuta lazima itiwe kemikali ya kuifanya isinyweke kabla haijatoka kiwandani, la sivyo itaishia kwenye chupa za gongo na mamlaka ya kodi itakuwa na haki ya kuinyima msamaha wa ushuru.

Kikwazo cha pili ni maji kwenye matangi. Petroli tupu haipatani na maji. Yanakaa chini ya tangi na muuzaji anayanyonya kwa pampu. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 huyanywa maji hayo mpaka yafike nusu asilimia hivi, kisha ghafla pombe na maji hushuka pamoja chini, na petroli iliyobaki juu imepungua nguvu. Bodaboda atakayepata mafuta ya chini hataondoka kituoni. Kabla ya kuchanganya, kila tangi la chini ya ardhi lazima likaushwe na vifuniko vyake visivuje wakati wa masika. Mipira ya zamani kwenye kabureta nayo hulainika kwa ethanoli. Na dereva aelezwe mapema kwamba kwa mchanganyiko huo atatumia mafuta zaidi kwa asilimia 3 hivi, asije akadhani ameibiwa.

Cha tatu ni maji machafu. Kila lita ya ethanoli huacha lita 10 hadi 15 za masalia ya kahawia, ya moto na yenye asidi, yanayofyonza hewa yote mtoni yakimwagwa huko. Samaki wanaelea siku hiyohiyo. Dawa yake ni kuyapitisha kwenye mtambo wa biogesi kisha kuyarudisha shambani kwa vipimo, maana yana potasiamu nyingi. Anayekuletea mchoro wa kiwanda usio na bwawa la masalia hayo hajamaliza kazi.

Makapi ya miwa ni ya pili. Robo hadi theluthi ya uzito wa miwa hubaki kama makapi, na viwanda vyetu huyachoma kupata mvuke na umeme. Kiwanda cha sukari cha TPC cha Moshi kimekuwa kikiuza ziada kwa TANESCO. Boila za zamani zilijengwa kuteketeza makapi, si kuyabana. Boila ya shinikizo kubwa hutoa umeme mara mbili tatu kwa makapi yaleyale. Mkonge nao: asilimia 4 tu ya jani ndiyo nyuzi, zilizobaki hutupwa. Pale Hale, Tanga, mtambo wa biogesi wa kilowati 150 ulionyesha kwamba taka hizo zinatoa umeme.

Samadi sitaizungumzia sana kwa kuwa inajulikana: ng'ombe wawili watatu wa ndani, kilo 25 hivi za kinyesi kibichi kwa siku zikichanganywa na maji kiasi hichohicho, hutoa karibu mita moja ya ujazo ya gesi, inayotosha kupika kwa saa mbili na zaidi kila siku. Mitambo mingi iliyokufa imekufa kwa kukosa maji na kwa ng'ombe kuuzwa, si kwa ufundi.

Ukijumlisha vyote hivi hutapata nchi inayojitegemea kwa mafuta ya gari. Mahitaji makubwa ya usafiri yatapunguzwa kwa njia nyingine ambazo zimeshaanza: treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, bajaji na magari ya gesi asilia, na umeme wa bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Mota ya treni haihitaji hekta.

Turudi Singida. Ekari 40 ni hekta 16. Mkipanda alizeti yote na kupata tani moja kwa hekta, mtakamua lita 5,600 hivi. Mafuta hayo yakichujwa na kuuzwa ya kula yanauzwa juu ya bei ya dizeli karibu kila msimu, na mashudu yanauzwa kwa wafugaji juu yake. Kuyageuza biodizeli ya kuuza ni kuongeza gharama ili upate bidhaa ya bei ya chini. Msifanye hivyo.

Lakini kwa matumizi yenu wenyewe kuna hesabu nzuri. Kulima na kupiga haro hekta 16 kwa trekta hutumia lita 500 hivi za dizeli, sawa na lita 545 za biodizeli, yaani mavuno ya hekta moja na nusu hivi. Ni kama ng'ombe wa plau, naye ana sehemu yake ya malisho. Tumieni mafuta yaliyochacha, ya masalia ya tangi, au yaliyokwisha kukaangia kutoka hotelini. Yale mazuri yaacheni yaende sokoni.

Kwa lita 100 za mafuta: chujeni, kisha pasheni hadi nyuzi 105 mpaka mlio wa maji uishe kabisa, yaacheni yapoe na kutulia. Pimeni asidi: mililita 1 ya mafuta ndani ya mililita 10 za spiriti ya aisopropili, mkidondoshea maji yenye gramu 1 ya magadi makali (sodiamu haidroksaidi) kwa lita hadi kiashiria (dawa inayoonyesha asidi kwa rangi) kigeuke rangi. Idadi ya mililita zilizotumika jumlisheni na 3.5, hizo ndizo gramu za magadi kwa kila lita ya mafuta. Zikizidi mililita 4 za kipimo, acheni mafuta hayo, mtapata sabuni badala ya biodizeli. Yeyusheni magadi ndani ya lita 20 za methanoli, mimineni kwenye mafuta ya nyuzi 55, korogeni saa moja kwenye chombo kilichofungwa, laza usiku kucha. Gliserini nzito ya kahawia itakaa chini. Itoeni, osheni ya juu kwa maji ya uvuguvugu bila kukoroga kwa nguvu, kisha ikausheni mpaka ing'ae.

Makosa yanayorudiwa ni matatu. Maji yaliyobaki kwenye mafuta hugeuza kila kitu kuwa uji wa sabuni. Joto likipita nyuzi 64 methanoli huchemka na kutoka kama mvuke. Na mvuke huo hupofusha na kuua, moto wake hauonekani mchana, hivyo kazi hii haifanywi jikoni wala karibu na mkaa. Methanoli yenyewe inaagizwa na hutengenezwa kwa gesi asilia, kwa hiyo hata biodizeli ya kijijini ina mguu mmoja bandarini.

Anzeni na mchanganyiko wa asilimia 20 ndani ya dizeli ya kawaida, na badilisheni chujio la trekta baada ya tangi la kwanza, kisha tena baada ya la tatu. Biodizeli huosha uchafu wa miaka uliolala tangini na kuupeleka moja kwa moja kwenye chujio; trekta likizima katikati ya shamba, angalieni hapo kabla hamjamlaumu fundi.